Mzee wa Kupunguza Ziwa

Ndugu zangu, kabla sijawaambia mimi ni nani, niwaambie kwanza kwamba kule Olkaria kuna mzee aliyeajiriwa kupunguza Ziwa Naivasha.

Msicheke bado. Habari hiyo nilipewa na kinyozi pale Karagita, kichwa changu kikiwa nusu kimenyolewa, na mtu aliyenyolewa nusu ataamini chochote kwa sababu hawezi kutoka aende zake. Aliniambia kwamba chini ya ziwa kuna bomba nene, lori la mchanga linaweza kupita ndani bila kukwaruza. Bomba hilo linaishia Olkaria, kwenye mfereji wenye usukani kama wa meli. Ziwa likizidi, mzee anazungusha usukani, maji yanashuka kwenye moto ulio chini ya ardhi, yanakuwa mvuke, mvuke unakuwa stima, na stima inakuja mpaka Karagita kuendesha mashine ya kunyolea. "Hata hii unayosikia hapa kichwani," akaniambia, "ni ziwa hilo." Nikasikiliza. Kweli, ilikuwa inanguruma kama maji.

Nikaamini, na si eti sikusoma. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, niliyoipata kwa masomo ya jioni hapa hapa Nakuru. Mchana nilikuwa nabeba magunia ya viazi sokoni, jioni nakaa darasani na vumbi la viazi vya Molo masikioni. Tulifundishwa somo zima la usimamizi wa hatari katika mashirika yasiyo ya faida. Mwalimu alisema jambo rahisi: jua ni nini kinaweza kuliangusha shirika lako, jua ni kipi kitaanza, na jua nani atafanya nini siku hiyo. Mtihani wa somo hilo niliujibu vizuri mpaka mwalimu akasimama. Sawa, kengele ilikuwa imelia, lakini alisimama.

Sasa mimi ndiye nilikuwa mratibu wa kikundi chetu kule Karagita. Kwa wale mnaotoka mbali, Karagita ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kando ya ziwa. Tunaishi kwenye ploti, chumba kimoja kimoja, ukuta wa mabati kati yako na jirani, ukipiga chafya anakujibu. Kikundi chetu kilikuwa na kituo cha watoto wasioweza kutembea. Na niwaambie kwa nini kituo hicho kilikuwa uhai wa watu. Mama wa shamba la maua anaondoka kabla ya jua. Kama ana mtoto anayetembea, mtoto ataenda shule, atacheza, ataangaliwa na mtaa. Kama mtoto hawezi kutembea, mama anamlisha, anamlaza, anafunga mlango kwa kufuli kwa nje, na anaenda kukata maua mpaka jioni. Si ukatili. Hana mtu mwingine. Kituo chetu kilifungua kufuli hizo.

Tulikuwa tumepewa mahali na mtu mwema, nyasi nzuri, karibu na maji. Watoto walipenda ndege. Walikuwa na kawaida yao: uji ukikaribia wanagonga meza pamoja, ta-ta-ta, halafu wananyamaza kidogo, halafu ta. Ukisikia kishindo hicho ungedhani ni kikosi cha jeshi kinapita Gilgil.

Basi ziwa likaanza kupanda. Lilianza kwa adabu. Kwanza matete yaliyokuwa mbali yakawa karibu. Kisha ua wa nyuma ukawa na matope hata jua likiwaka. Asubuhi moja tukakuta kiboko amelala penye bembea, mkubwa kama pikapu, na amelala kama mtu aliyelipa kodi.

Hapo lazima niwaeleze kawaida ya mikutano yetu, kwa sababu nadhani hata ninyi hapa mnayo. Kwetu, mtu akitaja jambo baya ambalo halijatokea, hajibiwi. Anakemewa. Ukisema "tukikosa mfadhili", ukumbi mzima unapaza sauti: "Ushindwe!" Na wewe unakaa chini kama umetukana. Tuliona kutaja ni kuita. Na mkemeaji mkuu alikuwa mimi, maana nina sauti. Sauti yangu ikitoka vizuri inasikika mpaka mlima Longonot.

Mama aliyetupikia, ambaye nitamwita mama wa jikoni kwa sababu hapendi kutajwa, alisimama kwenye kamati.

"Mimi naona maji yamefika kwa mawe ya jiko langu ya zamani," akasema. "Na kama yakiingia hapa na watoto wako ndani? Hawa hawakimbii."

"Ushindwe na ulegee!" sote tukajibu, na watu wakapiga makofi.

"Hata nikilegea, mathe," akamwambia mwenyekiti wetu, mama mwenzake aliyekuwa kando yake, "maji yatakuwa hapo tu."

Mimi nikasimama kumtuliza. Nikawaeleza kuhusu bomba, usukani na mzee wa Olkaria. Nilieleza vizuri kuliko kinyozi. Niliongeza hata kofia ya njano. Watu wakatulia, wakanishukuru, tukafunga kwa wimbo.

Mgeni aliyetumwa na mfadhili wetu mmoja tu tuliyekuwa naye alipokuja aliniuliza, "Maji yakifika hapa mna mpango gani?" Nikamweleza kuhusu mzee. Akaangalia ziwa, akaniuliza kama nimekula. Hakurudi tena, na pesa za mfadhili zikakoma.

Maji yaliingia kituoni mchana, bila haraka, kama mgeni anayejua njia. Tuliwabeba watoto mgongoni, wakina mama na vijana wa boda boda, mpaka barabarani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na pia nawashukuru hao wa boda. Lakini kituo kilikwisha siku hiyo. Mahali pa kwenda hatukuwa tumepanga. Mfadhili wa pili hatukuwa naye. Hata mtu aliyejua nani wa kumpigia simu ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nimesimama na maji magotini, bado namngoja mzee azungushe usukani.

Walimu wetu wakatawanyika kutafuta kazi, mmoja Njoro, mwingine kwao magharibi. Mwenyekiti akapata kazi upande wa pili wa ziwa. Mama wa jikoni akaenda kuuza githeri, mahindi na maharagwe yake ya kuchemsha, kwenye lango la shamba. Watoto wakarudi vyumbani. Na kufuli zikarudi milangoni.

Vifaa vya kituo vikaletwa chumbani kwangu, kwa sababu mimi sina mke, na mtu asiye na mke watu hudhani ana nafasi. Viti vya magurudumu vilijaa mpaka dirishani. Nililala katikati yao, miguu chini ya kimoja, kichwa chini ya kingine. Nilikuwa na viti vingi kuliko hoteli zote za Naivasha, na hakuna aliyekuja kukaa. Nilipika ugali wangu kwenye sufuria ya kituo, ile ya kulisha ukoo, kwa sababu yangu ndogo ilikuwa imezikwa chini ya magurudumu. Mnajua ugali wa mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wengi? Unauona kule chini kabisa, kama kitu kilichoanguka kisimani.

Ndugu zangu, nacheka nikiwaambia, lakini wakati ule sikucheka. Nilipata kibarua cha kumwagilia maua alfajiri, jua likipanda nimeshamaliza, na siku nzima iko mbele yangu kama barabara isiyo na gari. Simu ilinyamaza. Watu waliokuwa wananiita "boss" kutoka ng'ambo ya barabara walianza kuwa na haraka. Hawakunichukia. Hawakujua tu waniambie nini, na mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba mambo mabaya hayatajwi.

Yule mzee wa Olkaria nilianza kumfikiria sana. Mngetegemea nimkasirikie. Hapana. Nilisema labda amehamishwa, labda yuko likizo, labda mkono umezeeka. Nikamwona yuko kwenye kibanda chake cha mabati, thamosi kando, redio ya betri zinazoisha, usukani umemshinda na hana wa kumwita. Nikamhurumia. Siku nyingine nilimsalimia kwa sauti, "Sasa mzee," nikiwa nageuza ugali. Alikuwa ndiye mtu pekee niliyejua anaishi kama mimi.

Kisha siku moja nikasikia ukuta. Ta-ta-ta. Kimya. Ta.

Chumba cha pili alikuwa amehamia mama mmoja na msichana wake mdogo aliyekuwa kituoni kwetu. Msichana huyo hasemi maneno, lakini husikia kila kitu, na alinijua kwa kikohozi changu. Nikagonga mabati: ta-ta-ta, ta. Akacheka. Nikasikia kicheko kikipita kwenye misumari.

Tangu hapo tukawa na mazungumzo. Nikirudi kutoka kibaruani anagonga, najibu. Nikila nagonga, anajibu. Mimi ndani na viti vyote, yeye ndani bila hata kimoja, kwa sababu kitanda na jiko vilijaza chumba chao, na kati yetu bati jembamba na kufuli moja. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu.

Halafu ikaja siku niliyorudi, nikagonga, na hakuna aliyejibu.

Nikasema amelala. Nikagonga tena. Nikasikia kama kitu kinakwaruza sakafu, pumzi nzito, kisha hakuna kitu. Nikatoka mbio. Kufuli iko pale, inang'aa kama imepakwa mafuta. Jirani mmoja alikuwa anafua uani.

"Mathe, ufunguo wa hapa ako nao nani?"

"Mamake."

"Na mamake ako wapi?"

"Kazi."

"Shamba gani?"

Akaacha kufua, akaniangalia. "Si wewe ndio ulikuwa kiongozi wao? Mimi nitajuaje?"

Sikujua. Alikuwa amebadilisha shamba. Mimi mwenye diploma ya kujua nani atafanya nini siku hiyo, siku hiyo ilikuwa imefika, na sikujua lolote. Nikapiga kelele. Kijana wa boda aliyekuwa anapita akaruka na spana yake, tukalipindua lile komeo mpaka misumari ikatoka.

Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, upande wa kwangu. Uso ulikuwa umebanwa na blanketi, midomo imeanza kubadilika rangi. Alikuwa amejaribu kufika kwenye bati. Nikamvuta, nikamwinua, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka majini. Nikamshika hivyo hivyo kifuani. Baadaye kidogo nikahisi vidole vyake kwenye shati langu. Ta-ta-ta. Ta.

Nililia. Nililia mpaka yule wa boda akaniambia, "Boss, tulia bwana, mtoto ako sawa. Ni wewe unatuogopesha."

Mtaa ukamtafuta mama mpaka akapatikana. Alifika akikimbia na aproni ya kazi, mikono inanuka dawa ya maua. Nilidhani atapiga nduru. Alikaa kitandani na mtoto, akasema polepole, "Kila asubuhi nikifunga hii kufuli naona hii kitu ikifanyika. Kila asubuhi. Naona akianguka, naona moto. Nilitaka kusema kwa mkutano wenu, kabla maji yaje, kituo kikifungwa itakuwa hivi. Nikaogopa mtaniambia nishindwe."

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Si majini. Pale kitandani.

Kwa sababu nilielewa kwamba mama huyu alikuwa peke yake na hofu yake, mama wa jikoni alikuwa peke yake na mawe ya jiko lake, na mimi nilikuwa peke yangu na sufuria. Wote tulikuwa mtaa mmoja, tunasikiana tukikohoa, na kila mtu amefungiwa na lake. Na aliyefunga ni ile sauti yetu nzuri ya kukemea.

Jumapili baada ya ibada nikawaita wakina mama wote waliokuwa na watoto kituoni. Walikuja. Sikuwa na mahali pa kuwakalisha ila kwenye viti vya watoto, basi wakakaa humo, magoti yamefika kidevuni, wanasukumana na kuchekana. Mama wa jikoni akashika mkutano. Akatoa sheria moja tu: "Leo hakuna wa kushindwa. Mtu akisema anaogopa nini, sisi tutamuuliza, na ikitokea? Tukishajua, ndio tutaomba."

Mmoja akaanza na utani. "Mimi naogopa simba."

"Na ikitokea?" wakamuuliza.

"Atakula mume wangu kwanza, ako mnono."

Wakacheka mpaka magurudumu yakageuka. Lakini baada ya hapo yakatoka ya kweli. Moto wa stovu. Maji kutufuata. Mfadhili mmoja akiondoka tena. Mama kuugua. Kwa kila moja tuliuliza, na ikitokea? Nani ataona kwanza? Ataita nani? Tukachagua yale yanayoweza kumfikia mtoto kesho asubuhi, tukaanza na hayo, kwa sababu huwezi kushika yote kwa mkono mmoja. Kabla hatujatoka chumbani mle, kila kufuli ilikuwa imepata jirani wa kushika ufunguo wa pili na kuambiwa mama yuko shamba gani. Kituo kilikuwa bado hakipo, lakini kazi ya kituo ilikuwa imeshaanza.

Halafu yule mama wa chumba cha pili akanigeukia. "Na wewe? Wewe unaogopa nini?"

"Viboko," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Walingoja. Sijawahi kungojwa hivyo.

Nikasema, "Naogopa kwamba siku nikianguka upande wa pili wa hili bati, hakuna atakayegonga."

Mama wa jikoni akauliza, bila huruma nyingi, kama anauliza chumvi: "Na ikitokea?" Na yule mama akajibu kwa niaba ya mtoto wake, "Atagonga yeye. Asipojibiwa atapiga kelele, nitakuja mimi. Nipe ufunguo." Nikatoa ufunguo wangu wa akiba, nikampa. Ndivyo nami nilivyoingia kwenye mpango.

Leo kituo kiko juu, mbali na maji, katika nyumba ya kukodi. Tuna zaidi ya msaidizi mmoja: kanisa, shamba moja la maua, na wafanyakazi wa kampuni fulani wanaojitolea Jumamosi. Kila ninachojua mimi kuhusu kituo, mwingine anakijua pia. Na chini kule ziwani tumesimika kijiti cha rangi nyekundu. Mama wa jikoni hukipitia kila akienda sokoni. Maji yakikigusa tunahama, hatuiti mkutano, kila mtu anajua anambeba mtoto gani.

Namshukuru yeye, aliyesema ukweli na kukemewa, na bado akarudi kutupikia. Namshukuru yule wa boda na spana yake. Nawashukuru wakina mama waliokaa kwenye viti vya watoto wao na kuniuliza. Na namshukuru msichana mmoja ambaye leo asubuhi nilipotoka alinigongea, nami nikagonga, nikamwambia naenda Nakuru.

Nanyi wenye vikundi, sina somo kubwa la kuwaachia, ila hili: mtu akisimama kwenye mkutano wenu na kusema anachoogopa, msimkemee. Muulizeni, na ikitokea? Huenda ni mara yake ya kwanza kutokuwa peke yake. Ombeni, mimi pia naomba, lakini muulizeni kwanza.

Nimalizie na yule mzee wangu, maana naona kuna mtu pale nyuma bado anamngoja.

Mmoja wa hao wanaojitolea Jumamosi ni fundi wa mitambo ya stima kutoka Olkaria. Anatutengenezea viti. Alipokuja mara ya kwanza nilimkaribisha chai, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, nikamuuliza habari za mzee. Mzee gani? Nikamweleza: bomba, usukani, kofia ya njano. Nikamwambia amsalimie sana, amwambie sina kinyongo, kwamba najua kazi yake ni ya upweke.

Fundi hakucheka. Aliweka kikombe chini. Nadhani aliona usoni mwangu kwamba huyo mzee nimeishi naye.

"Boss," akasema, "hakuna bomba. Mvuke wetu unatoka chini kwenye mwamba, hauna kazi na ziwa. Ziwa linajazwa na mvua na mito, likijaa limejaa. Hakuna usukani, na hakuna mtu pale. Ni nyinyi tu na kijiti chenu."